Namna ya Kumsaidia Kijana wa Kiaborijini Kuacha Sigara ya Kielektroniki

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeishi Australia na ambaye kazi yake humkutanisha na vijana wa Kiaborijini au wa Visiwa vya Torres Strait: muuguzi wa zahanati, mwalimu, mlezi wa bweni, kocha wa mpira, au mzazi wa kulea aliyekabidhiwa mtoto na idara ya ustawi wa jamii. Jumuiya yetu, ambayo sehemu yake kubwa ilifika huku kutoka Kongo na Burundi kupitia kambi kama Nyarugusu na Kakuma, ina watu katika kazi hizo zote, na wapo wanaomwona kijana wa miaka 14 akitoa mvuke wenye harufu ya embe nyuma ya darasa wasijue waanzie wapi. Mahali pa kuanzia si kumtisha. Kijana huyo kwa kawaida ameshaambiwa mara nyingi kwamba ni hatari. Anachokikosa ni mtu mzima anayemwamini, atakayekuwa karibu naye katika wiki za mwanzo zilizo ngumu, na huduma ya afya ambayo ukoo wake hauiogopi.

Tumbaku iliingiaje katika jamii hizi

Kabla ya kufungua mdomo, ni vyema ujue unazungumza juu ya nini. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, si ngeni kabisa katika bara la Australia, kwa kuwa watu wa jangwa la kati walitafuna majani ya mimea ya kwao yenye nikotini kwa vizazi vingi kabla ya Wazungu kufika, na wavuvi wa majongoo bahari kutoka Makassar, katika kisiwa cha Sulawesi, walileta tumbaku kwenye pwani ya kaskazini. Lakini tumbaku ya kila siku, ile iliyoua watu wengi, iliingizwa na utawala. Katika mashamba ya mifugo na vituo vya misheni, Waaborijini walilipwa kwa posho badala ya mshahara, nayo posho hiyo ilikuwa unga, sukari, majani ya chai na tumbaku. Utaratibu huo uliendelea katika baadhi ya maeneo hadi miaka ya 1960. Msomaji ambaye babu yake alifanya kazi kwa posho katika shamba la mlowezi hahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hilo.

Katika karne iliyopita pia, kwa miongo mingi, serikali na taasisi za dini ziliwachukua watoto wa Kiaborijini kutoka kwa wazazi wao. Kwa sababu hiyo, mtu wa shule au wa zahanati anapomuuliza mtoto, "Nani anavuta nyumbani kwenu?", swali linaloonekana dogo kwa muulizaji linaweza kusikika kama mwanzo wa upelelezi. Usiliulize namna hiyo. Ukihitaji kujua, mweleze kwanza kwa nini unauliza na habari hizo zitaishia wapi.

Historia hiyo ina upande wa pili ambao hausimuliwi vya kutosha. Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait wenye umri wa miaka 15 na kuendelea waliokuwa wakivuta sigara kila siku walishuka kutoka asilimia 37 mwaka 2018–19 hadi asilimia 29 mwaka 2022–23. Mpango wa kitaifa wa Tackling Indigenous Smoking, ulioanza mwaka 2010 na kuongozwa kwa miaka mingi na Profesa Tom Calma, ulifanya kazi kupitia mashirika ya jamii zenyewe, na sehemu ya ushindi huo ni yake. Kwa maneno mengine, kijana unayemsaidia anatoka katika watu wanaoacha tumbaku. Mwambie hivyo mapema, kwa sababu ni kweli na kwa sababu hakuna anayemwambia.

Yaliyomo ndani ya mvuke

Mwaka 2017 takriban asilimia 14 ya wanafunzi wa sekondari wa Australia, wa jamii zote, walikuwa wamewahi kujaribu sigara ya kielektroniki, ambayo wao wenyewe huiita vepu; kufikia uchunguzi wa mwaka 2022–23 idadi ilikuwa imefika karibu asilimia 30. Ongezeko hilo lina sababu ya kikemia. Vepu za kutupwa hutumia chumvi za nikotini, ambazo hazikwaruzi koo kama moshi wa sigara, hivyo mtoto asiyewahi kuvuta anaweza kuvuta kwa kina bila kukohoa. Piga hesabu pamoja naye: kifaa chenye mililita 10 za maji yenye miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita kimebeba miligramu 500, ilhali sigara moja ya kawaida humwingizia mvutaji miligramu 1 hadi 2 hivi. Halafu kuna vifaa vilivyoandikwa kwamba havina nikotini. Maabara za serikali zimepima vifaa vya aina hiyo mara nyingi na kuikuta nikotini ndani.

Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka 25, na nikotini huingilia sehemu zinazohusika na umakini, kumbukumbu na kuzuia pupa. Mvuke wenyewe hubeba chembechembe ndogo mno zinazofika ndani ya mapafu, pamoja na kemikali kama formaldehaidi na akrolini zinazotokea maji yanapochemshwa, na metali kama nikeli na risasi zinazotoka kwenye waya wa kupasha moto. Kijana asiyevuta sigara anayeanza vepu ana uwezekano wa takriban mara tatu zaidi wa kuishia kwenye sigara kuliko mwenzake asiyetumia, na hapo ndipo hatari kubwa zaidi ilipo, kwa kuwa tumbaku ndiyo chanzo cha karibu nusu ya vifo vya Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait wenye umri wa miaka 45 na zaidi.

Baadhi ya vijana wana sababu za ziada za kuhofia. Pumu na magonjwa sugu ya njia za hewa ni ya kawaida zaidi katika jamii hizi kuliko kwa Waaustralia wengine. Ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambao karibu umetoweka kwingineko nchini, bado unawapata watoto wa Kiaborijini wa maeneo ya kaskazini kwa kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na nikotini huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kijana mwenye ugonjwa huo hufika zahanati kila baada ya wiki nne hivi kuchomwa sindano ya penisilini. Muuguzi anayemwona mara 13 kwa mwaka ana nafasi ambayo hakuna mwalimu wala daktari bingwa anayo, na ni hasara kuitumia kwa sindano peke yake.

Usitie chumvi. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 zaidi ya watu 2,800 walilazwa Marekani kwa maradhi makali ya mapafu yaliyohusishwa na vepu, na 68 kati yao walifariki. Lakini uchunguzi uliyahusisha zaidi na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika vepu za bangi. Ukikisimulia kisa hicho kana kwamba kila vepu ya embe itafanya vivyo hivyo kesho, kijana ataangalia simu yake, atagundua kwamba umemdanganya, na hatakusikiliza tena juu ya mambo yaliyo ya kweli.

Kuanzisha mazungumzo

Hapa ndipo walio wengi hukosea, na ndiyo sababu sehemu hii ni ndefu kuliko nyingine. Katika jamii za Kiaborijini aibu ya kutengwa mbele ya watu ni jeraha kubwa. Mwalimu anayemsimamisha mwanafunzi darasani na kumwamuru atoe kifaa mfukoni anaweza kukipata kifaa, lakini amempoteza kijana kwa muhula mzima. Kumfukuza shule kwa wiki moja nako humpa muda na upweke wa kuvuta zaidi. Mambo haya yazungumzwe pembeni, mkiwa mnafanya kitu kingine: mnatembea, mnavua samaki, mnasafisha viatu vya mpira. Kukaa ubavu kwa ubavu ni rahisi kuliko kutazamana uso kwa uso, na kijana asipokutazama machoni usidhani kwamba anakudharau. Katika familia nyingi hiyo ni heshima, kama ilivyo kwa wengi wetu.

Anza na asili kabla ya afya. Mwambie wewe ni wa wapi, watu wako ni akina nani, kisha muulize watu wake wanatoka ardhi ipi. Wazee wa jamii huitwa shangazi na mjomba hata na wasio ndugu zao wa damu, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hatalishangaa, na vilevile mama mdogo huhesabiwa kuwa mama, na watoto wake kuwa kaka na dada. Usidhani kwa hiyo kwamba unamjua mtu. Wewe ni mgeni katika ardhi yake, na ukaribu wa desturi haukupi ruhusa ya kukemea. Ikiwa kuna shangazi au mjomba ambaye kijana anamheshimu, mwombe kijana idhini ya kumshirikisha. Akikataa, heshimu jibu lake.

Baadaye, uliza maswali ambayo hayana jibu la ndiyo au hapana. "Vepu inakusaidia nini?" ni swali bora kuliko "Hujui kwamba inaua?" Wengi watajibu kwamba inawatuliza, na jibu hilo lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu kijana anaweza kuwa amebeba misiba, ubaguzi wa shuleni au nyumba iliyojaa watu wasiopata usingizi. Ukishamsikiliza, mweleze jinsi utulivu ule unavyofanya kazi: nusu ya nikotini hutoka katika damu ndani ya saa mbili hivi, mwili unaanza kuidai, moyo unakosa raha, na mvuto unaofuata unaondoa usumbufu ambao mvuto uliotangulia ndio ulioanza kuuleta. Vijana wengi hulitambua jambo hilo wenyewe mara tu likitajwa. Kisha muulize swali moja tu: kwa kipimo cha 0 hadi 10, kuacha kuna umuhimu gani kwako? Akisema 4, usimuulize kwa nini si 10. Muulize kwa nini si 1, naye ataanza kukutajia sababu zake mwenyewe, pengine pumzi inayokatika uwanjani, fedha, au mpwa mchanga nyumbani.

Wapo watakaoogopa polisi. Mageuzi ya sheria ya shirikisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, yaliyoondoa vepu madukani na kuziacha katika maduka ya dawa peke yake, yaliwalenga waingizaji, watengenezaji na wauzaji, si mtu aliye na kifaa chake mwenyewe anayetafuta msaada. Mhakikishie kwamba kumwambia muuguzi si kujishtaki.

Kupima uraibu na kuchagua siku

Swali lenye faida kuliko yote ni hili: baada ya kuamka, unakaa muda gani kabla ya mvuto wa kwanza? Anayevuta kabla ya dakika 30 kupita, au anayeamka usiku ili avute, ana uraibu mzito na kwa kawaida atahitaji dawa. Uliza pia kifaa kimoja kinamtosha siku ngapi, na kama anachanganya tumbaku na bangi, maana anayeacha vepu huku akiendelea kuvuta bangi iliyochanganywa na tumbaku bado analisha uraibu uleule. Na asishauriwe hata kidogo kurudi kwenye sigara ili aache vepu.

Kisha mchague siku, ndani ya wiki mbili zijazo kama inawezekana. Siku hiyo isiangukie matanga. Msiba katika jamii hizi hukusanya ukoo mzima kwa siku nyingi, sigara huzungushwa, na hakuna kijana anayepaswa kuwekewa mtihani wa namna hiyo. Wiki ya kambi ya michezo au safari ya kwenda katika ardhi ya mababu hufaa zaidi. Wengine hupendelea kupunguza polepole, kwa mfano kwa kuchelewesha mvuto wa kwanza wa asubuhi kwa nusu saa kila baada ya siku chache, au kuanza na kutovuta chumbani. Njia hiyo inakubalika mradi iwe na tarehe ya mwisho.

Suala la kugawana linahitaji busara. Vepu moja huzunguka kati ya ndugu watano, na kukataa kinachotolewa na kaka kunaweza kuonekana kama kumkataa kaka mwenyewe. Mfanyie mazoezi ya maneno yasiyomvunjia mtu heshima, kama vile "Nimepumzika kwa ajili ya mechi" au "Mapafu yangu yanasumbua, kaka." Ikiwezekana, wawili au watatu waache pamoja, kwa kuwa kundi lililomfundisha kuvuta ndilo lenye nguvu kubwa zaidi ya kumfundisha kuacha.

Dawa na mahali pa kuzipata

Mpeleke kwanza katika kituo cha afya kinachoongozwa na jamii yenyewe. Cha kwanza kilifunguliwa Redfern, Sydney, mwaka 1971, na sasa vipo zaidi ya 140 nchini kote. Huko kuna uchunguzi wa afya wa kila mwaka usiolipiwa, unaojulikana kwa namba yake, 715, na ni nafasi nzuri ya kulitaja suala la vepu pamoja na masikio, moyo na meno, bila kulifanya kuwa kesi.

Vibandiko, chingamu na vidonge vya kumung'unya vyenye nikotini vinaruhusiwa Australia kuanzia umri wa miaka 12, ingawa kwa aliye chini ya miaka 18 ni vyema daktari, muuguzi au mfamasia aamue kiasi. Daktari akiandika cheti, Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait wanaweza kupata vibandiko kwa bei ya ruzuku, hadi dozi mbili za wiki 12 kwa mwaka, na waliosajiliwa katika mpango wa nafuu ya dawa hulipa kidogo au hawalipi kabisa. Usimkubalie anayesema kwamba kibandiko ni uraibu mwingine: nikotini yake huingia polepole, haileti ile raha ya ghafla inayofunga mtu, wala haina mvuke.

Dawa hizi hushindwa mara nyingi kwa sababu ya matumizi mabaya. Kibandiko kibandikwe asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele wala mafuta, na kila siku mahali papya. Katika joto la Darwin au Broome hutoka kwa jasho, hivyo plasta ya juu husaidia. Kikimletea ndoto za kutisha, aulize zahanati kama anaweza kukivua kabla ya kulala. Chingamu haitafunwi kama peremende: hutafunwa polepole hadi iwashe, kisha huwekwa kati ya shavu na fizi mpaka mwasho uishe, ndipo hutafunwa tena. Anayeitafuna mfululizo humeza nikotini, akapata kwikwi na kichefuchefu, akasema dawa haifai. Mwenye uraibu mzito hunufaika zaidi akiunganisha kibandiko na moja ya dawa za haraka, yaani chingamu au kidonge cha kumung'unya.

Siku za arosto

Arosto, yaani taabu za mwili unaokosa nikotini uliyoizoea, huanza ndani ya saa chache, hufika kileleni katika siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi hupungua katika wiki mbili hadi nne. Mwambie mapema atakachokiona: hasira, njaa, kukosa usingizi, akili kutotulia darasani, huzuni. Waambie pia walimu na wa nyumbani kwake, kwa idhini yake, ili ukali wake usihesabiwe kuwa utovu wa nidhamu wiki ileile anapojitahidi. Tamaa yenyewe huja kwa vipindi vya dakika chache, na kazi ya kijana ni kuvuka kipindi kimoja baada ya kingine kwa maji baridi, pumzi ndefu, kutoka nje, au kumpigia mtu simu. Mikono inahitaji shughuli, hasa kwa aliyezoea kushika kifaa mchana kutwa.

Simu ya ushauri ya Quitline ni 13 7848, nayo ina washauri wa Kiaborijini anaoweza kuwaomba. Ipo pia programu ya simu ya My QuitBuddy, isiyolipiwa. Huzuni ikizidi, au akitamka kwamba hataki kuishi, simu ya 13YARN, yaani 13 92 76, hupokelewa saa 24 na washauri ambao wenyewe ni Waaborijini au watu wa Visiwa vya Torres Strait. Usimwache peke yake wakati huo. Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au degedege ni jambo la 000 mara moja. Mtoto mdogo akimeza maji ya vepu, hata kidogo, piga 13 11 26 ya kituo cha sumu, au 000 ikiwa amezimia au anapumua kwa shida. Na wewe mlezi, ikiwa Kiingereza cha kitabibu kinakupa taabu, mkalimani wa Kiswahili hupatikana kupitia 13 14 50.

Akirudia

Wengi hurudia angalau mara moja, na kijana huyo atakukwepa kwa aibu. Mtafute wewe, na mazungumzo yasianze na vepu. Baadaye mchunguze pamoja ilikuwa wapi, alikuwa na nani, na kama kibandiko kilikuwa mwilini siku ile. Mara nyingi utakuta dawa iliachwa mapema mno, mara tu alipojisikia nafuu, au kifaa cha akiba kilikuwa kimebaki chini ya godoro. Kifaa hicho kisitupwe kwenye pipa la kawaida, kwa kuwa betri yake ya lithiamu inaweza kuwaka moto; ulizia halmashauri mahali pa kukusanyia betri. Mvuto mmoja haufuti siku alizokaa bila kuvuta, na si lazima asubiri Jumatatu ili aanze upya. Arejee kwenye kibandiko asubuhi inayofuata, na zahanati ipigiwe simu siku hiyohiyo ili wapime kama kiasi cha dawa kilikuwa kidogo kuliko alichokuwa akivuta.